Paja Kwanza, Goti Baadaye

Mgeni rasmi, mganga mkuu wa hospitali, wakuu wa idara, nanyi mlioketi kwenye viti ambavyo hadi jana vilikuwa vya mazoezi,

Sisi wagonjwa na wahudumu wa chumba cha mazoezi ya viungo tunakukaribisha. Umechelewa kwa saa tatu, nasi hatukuzipoteza. Tumesimama foleni ya kukupokea, wengi wetu kwa mguu mmoja.

Risala iliyopitishwa na ofisi iko kwenye bahasha, utaisoma njiani. Hii tumeiandika wenyewe.

HISTORIA

Chumba chetu kilikuwa stoo ya vitanda vibovu. Aliyekianzisha ni muuguzi tunayemwita Bibi Futi, kwa ile futi ya fundi cherehani anayoivaa shingoni. Kabla yake, mtu aliyechanika kano za goti alilala tu akingoja kisu, na paja likanywea. Alipasuliwa vizuri, kisha ngazi tatu zikamshinda. Bibi Futi husema kutengeneza goti chini ya paja lililonywea ni kufunga mlango mpya kwenye fremu iliyooza.

Kwa hiyo mgonjwa wetu hukaza paja juu ya taulo iliyokunjwa, hunyanyua mguu ulionyooka wenye mfuko wa mchanga, kisha huegemea ukuta na kukaa hewani bila kiti, huku akitutukana. Paja bovu likikaribia nguvu za lile zima, ndipo anakwenda kwa daktari mpasuaji.

MAFANIKIO

Mwalimu wa michezo amerudi uwanjani. Dereva wa lori anakanyaga klachi bila kumwita mama yake. Yote haya kwa taulo, mchanga na ukuta.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu kubwa, mgeni rasmi, ni ujio wako.

Iliposikika kwamba unakuja kuzindua chumba kipya cha upasuaji, uongozi ulifanya usafi. Mifuko yetu ya mchanga ilitupwa pamoja na takataka. Ukuta ulipakwa rangi nyeupe, nasi tukakatazwa kuuegemea kwa wiki tatu usije ukachafuka kabla hujauona. Tafadhali utazame vizuri. Mapaja yetu yamenywea kwa ajili yake.

Kisha akatakiwa mgonjwa wa kwanza wa kupasuliwa katika chumba hicho kipya na kupigwa picha nawe. Uongozi ukamchagua fundi wa paa tunayemwita Kunguru, aliyeanguka kazini miezi mitatu iliyopita akachanika kano za goti. Kabla ya rangi alikuwa amefika pazuri. Juzi Bibi Futi alimpima akakuta paja limepungua tena, na akinyanyua mguu, goti linalegea kama shina la mchicha. Tulikwenda kwa katibu wa hospitali kumweleza. Alitusikiliza kwa adabu, akasema kadi za mwaliko zimeshatoka.

Kunguru naye aliambiwa akikataa leo, jina lake litarudi mkiani mwa foleni, hadi mwakani. Ana watoto wanne na kazi yake iko juu ya ngazi. Akasaini fomu ya kukubali kupasuliwa.

Asubuhi hii mkewe alimshika mkono msomaji wa risala hii mlangoni.

"Mwanangu, mwambie mgeni akate utepe wake," alisema. "Goti la mume wangu si sherehe."

OMBI

Tulikuwa tumeandika maombi tisa, likiwemo la baiskeli ya mazoezi. Tumeyafuta yote.

Kunguru yuko nyuma ya mlango ule wa bluu. Hajala tangu jana jioni, na mguu wake umeshachorwa alama. Hotuba yako ikiisha, anapelekwa mezani. Tunaamini hukuyajua haya. Wengine hapa wanatucheka kwa kuamini hivyo. Sasa umeyajua.

Tunaomba utamke hapa hapa, kamera zikiwaka, kwamba upasuaji wake usogezwe mpaka Bibi Futi aridhike na paja, na nafasi yake kwenye foleni isiguswe. Mganga mkuu ameketi kushoto kwako, atakusikia hata ukinong'ona.

Halafu, kabla hujakata chochote, agiza Kunguru apewe chai.

Mungu akujalie miguu mizima, na watu wa kukuambia ukweli ukiwa bado umesimama juu ya miguu hiyo.

Ni sisi,
Wagonjwa na Wahudumu,
Chumba cha Mazoezi ya Viungo.