Ng'ombe Arobaini na Wawili wa Zakariye

Kiondoe hicho kicheko mdomoni, Tahlil, kabla sijakiondoa mimi. Umekaa hapo umekunja mikono kama karani wa halmashauri anayemsikiliza mwombaji nyumba, unasema moyoni kwamba Hooyo, mama yako, amezeeka, Hooyo amechanganywa na dawa za moyo. Dawa zangu nazijua kwa rangi. Nitakayoyasema nimeyasikia kwa sikio langu hili, nikayapima, nikayapima tena, na nilitaka yawe uongo kuliko unavyotaka wewe. Shemsa, mkwe wangu, zima jiko uje ukae. Gurnam anakuja saa nne kunipeleka kituoni Digbeth kwenye basi la uwanja wa ndege, na Gurnam tangu akiwa fundi wa magari Nakuru hajawahi kuchelewa. Basi sikilizeni wanangu, wala msinikatize, maana pumzi niliyobakiza ni ya kusemea, si ya kubishania.

Mwezi wa kwanza mlimtoa mjukuu wangu Abshiro shuleni kwa kuwa mwalimu alimkalisha meza ya watoto wazito wa kuelewa, nami sikusema kitu. Mkasema mtamsomesha nyumbani, kwanza hapa Balsall Heath, ughaibuni, kisha Agosti mhamie ranchi kwetu, nyuma ya Isiolo, asomee huko pamoja na Muslimo mdogo wake. Mkaagiza sanduku la vifaa kwa katalogi: kadi za rangi, mizani ya kuchezea, na ng'ombe wa plastiki ishirini na wanne wa kufundishia hesabu, kana kwamba mnakokwenda hakuna ng'ombe. Kipya kinyemi ingawa kidonda, nikanyamaza tena. Lakini juma lililopita, mezani hapa hapa, mtoto alipokosea kuwahesabu wale wa plastiki mara ya tatu, wewe Tahlil ulisema, tumepata Zakariye mwingine, na wote tukacheka. Mimi nilicheka kuwapita.

Shemsa, wewe ni mtu wa Tanga, ulipoolewa ulikuta katika nyumba hii jina la mwanangu wa kwanza limeshakuwa jina la ujinga, ukadhani alizaliwa nalo. Hakuzaliwa nalo. Nilimpa mimi.

Miaka ile ya vita vya shifta barabara zilifungwa, shule ya karibu ilikuwa mwendo wa siku mbili, na katika ranchi nzima aliyejua kusoma na kuandika nilikuwa mimi na darasa langu la nne. Nikaamua nitawafundisha wanangu mwenyewe. Ubao ulikuwa mlango wa stoo ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, chaki ilikuwa mkaa, kitabu hatukuwa nacho, na kwa hesabu nikaona jambo la busara, au nililoliona la busara: jioni, ng'ombe wanapoingia mmoja mmoja kwenye lango la zizi, watoto wasimame kando wawahesabu, kisha waniambie ni wangapi. Nilijiona mwalimu hodari. Wewe Tahlil, na meno ya maziwa bado, ulipiga kelele arobaini na wawili, na walikuwa arobaini na wawili. Zakariye, mkubwa wako, alisema thelathini. Kesho akasema sitini. Kesho kutwa akatazama vidole vya miguu. Nikamchapa. Nikamchapa kwa msimu mzima wa mvua, mpaka siku moja, machozi yakimtiririka, akasema kwa sauti ndogo, arobaini na wawili. Nikasema, unaona, kumbe fimbo inafundisha. Juma lile lile kimeta kikaingia, kikaua ng'ombe kumi na mmoja.

Baada ya hapo hakunipa tena namba sahihi hata moja. Nikamwambia baba yenu Aden kwamba huyu hana kichwa, mpe fimbo achunge. Akaenda machungani ana miaka minane. Wewe barabara ilipofunguliwa ukapelekwa bweni Nanyuki, na bweni likakuleta huku.

Sasa, usiku ule wa kicheko sikulala, si kwa huruma, ni maumivu ya mguu. Asubuhi nikakwangua kadi ya simu nikampigia Zakariye, nikamweleza kama mzaha kwamba mjukuu wangu amerithi kichwa chake, hajui kuhesabu ng'ombe. Akasema, "Hooyo, mimi nilikuwa nawajua wote. Ayeyo ndiye aliyenikataza kuwahesabu."

Ayeyo, mama mkwe wangu, Mungu amrehemu na aninyamazishe nisiseme zaidi. Mifugo haihesabiwi, ndivyo walivyolelewa watu wake. Mfugaji humtazama kila mnyama, akamjua, na anayetaja idadi amewaitia jicho baya. Zakariye alilala chumbani kwake tangu alipoachishwa ziwa. Mimi niliyajua maneno hayo, niliyaita ushamba, na haikunipitia akilini hata mara moja kwamba mtoto wa miaka saba anaweza kusimama langoni kati ya bibi yake na mama yake, akachagua kuchapwa ili ng'ombe wetu wapone. Na siku aliyotii fimbo yangu, kumi na mmoja wakafa, naye akaubeba msiba ule kama wake, miaka arobaini, bila kumwambia mtu.

Nilikaa chini. Nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki cha Muslimo, kikapasuka mguu, na ndiyo sababu kimepasuka, acheni kumgombeza mtoto.

Unaguna, Tahlil. Unasema mtu mzima kwenye simu anaweza kujitungia lolote. Mimi pia nilisema hivyo, nikamwambia, haya, kama ulikuwa unawajua, nitajie. Akaanza. Akawataja kama walivyokuwa wakiingia langoni, kila mmoja na jina lake, rangi yake, pembe iliyovunjika, nani mama wa nani. Nami nikachukua tasbihi nikasogeza punje kwa kila jina. Alipomaliza, punje zilikuwa arobaini na mbili. Halafu akaniuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto, wallahi ilikuwa ya mtoto, "Hooyo, naisikia tasbihi. Unawahesabu?" Nikamwambia walikufa zamani wale, waliobakishwa na kimeta walimalizwa na ukame. Akasema, "Hata hivyo."

Nikakumbuka jioni nyingi alizoniambia pale langoni, Kidoti hajarudi, nami nikamjibu sikukuuliza Kidoti, nimekuuliza wangapi. Kidoti alikuwa kweli hajarudi. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu mimi amekuja na meno na jina lake ni Abshiro.

Maana jana, mlipokwenda dukani, nilimpangia wale wa plastiki, nikamwambia afumbe macho, nikaficha mmoja ndani ya mtandio. Sikumuuliza wangapi. Nikamuuliza unaona nini. Akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba yule aliyebanduka sikio hayupo. Sisemi ana akili. Huenda ni mjinga kweli, wapo katika kila ukoo. Nasema hamjui, na mlikwisha kumpa jina.

Haya, mali. Ranchi ile Aden aliiandika kwa jina langu, na leo naitoa yote kwa Zakariye. Si urithi, ni hiba, naitoa nikiwa hai na kwa miguu yangu, kwa hiyo usiniletee shehe. Hati anayo wakili Isiolo, na barua ya hiba ninayo mkobani, nimekwisha kuweka dole gumba na sahihi juu yake ili msiseme sijui kuandika. Wewe uliyepewa shule ulishapewa fungu lako. Mkitaka kuhamia Agosti, mtamwomba Zakariye ruhusa, na mtamwita kaka, na Abshiro atamwita baba mkubwa, na mtu akilitaja jina lile kwa kicheko, radhi yangu asiitafute.

Na sanduku lenu... ngojeni kidogo. Maji. Hapana, wewe kaa, glasi naiona. Sanduku lenu, chukueni madaftari matupu na ile ramani. Ng'ombe wa plastiki wapeni watoto wa jirani. Msinunue kitabu chochote kabla hamjamkalisha mtoto langoni mkanyamaza, mkamsikiliza anaona nini. Namba atafundishwa, na baba yake mkubwa atamwambia zipi za kutajwa na zipi za kunyamaziwa.

Hiyo honi ni ya Gurnam. Mwacheni apige.

Daktari alinikataza kupanda ndege. Nimemsikia, yeye hana mtoto aliyemchapa bure. Nakwenda kumwambia usoni, simu haifai kwa neno hili, na kadi zake hukatika. Nikifika, nimefika. Nisipofika... Shemsa, usilie, utaniharibia mwendo. Mungu awape macho kabla ya mdomo. Awape wanaowapinga kwa haki. Amina, semeni amina, msinitazame.

Mkoba niupe. Usinisindikize, Tahlil, mwenzako alikwenda machungani peke yake ana miaka minane. Na ukame huu wa mwaka huu, mkimpigia simu, msimuulize wamebaki wangapi. Muulizeni nani hayupo.

Ondoka mlangoni. Naufunga mwenyewe.