Nyasi za Yustus

Kijiwe cha Nkwenda ni gogo la mkaratusi mbele ya banda la kahawa la Joanitha. Jumatatu asubuhi, ng'ambo ya barabara, ghala la Yustus lililoungua Jumamosi lilikuwa bado linafuka moshi. Niyigena, kibarua wake, walivyojua wao, alikuwa hospitali, hajafumbua macho tangu kipigo cha umati siku hiyo ya moto. Rwegoshora, ambaye kijiwe humwita Mahakama kwa kukata kauli upesi, ndiye aliyepiga kelele ya kwanza: "Mchomaji ni huyo!" Sasa alikishika kikombe kwa mikono miwili, akiomba moyoni lipatikane jibu lingine.

— Ni radi, alisema Spana, fundi pikipiki. Radi ya kutumwa. Dalili ya mvua ni mawingu.

— Jumamosi uliona wingu? aliuliza Joanitha.

— Ndiyo ujue ilitumwa!

— Au ghala limejengwa juu ya kaburi, alisema Joanitha. Wa chini wamekasirika.

Placidius, mwalimu wa kemia, wao humwita Maabara, alitikisa kichwa.

— Hakuna aliyewasha. Yustus alirundika ghalani nyasi za kutandaza migombani zikiwa mbichi, kwa kuogopa kwamba akizianika nje mbuzi watazila. Zikavunda, zikapata moto. Mmenyuko wa kemikali ukitoa joto, entalpia, yaani joto lililofichwa ndani ya vitu, imeshuka. Vitu vikitawanyika vikawa moshi na mvuke, entropia, yaani huo mtawanyiko, imepanda. Yakikutana hayo mawili, mmenyuko unakwenda wenyewe.

— Mbona kuni za mke wangu haziwaki zenyewe? Angeshukuru!

— Hesabu inasema zinaweza, Spana. Haisemi lini. Kuni kavu zinangoja kiberiti. Lundo bichi linajipikia joto, na joto halina pa kutokea.

Mahakama aliinua uso.

— Na Jumamosi, mwalimu, entropia yako ilikuwa wapi?

— Nilikuwa nayo. Nilisimama pale kwenye nguzo. Nikanyamaza.



Kantengwa, mke wa Niyigena, alikuja akitokea njia ya hospitali. Chupa ya uji aliyoibeba ilikuwa haijaguswa.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama, alijibu Joanitha. Mgonjwa?

— Amefariki alfajiri. Polisi wananiuliza, nami nimekuja kuwauliza ninyi. Nani alimwona na kiberiti?

Walitazamana, kisha wote wakamtazama Mahakama. Yeye akatazama kikombe chake. Kilikuwa kitupu. Joanitha alikuwa na birika mkononi, lakini hakuja kumwongezea.