Jiko Libaki Moja

Sogeeni, wanangu, mnisikilize nikiwa bado na pumzi ya kuwasema. Wewe mwokaji, kaa chini, umesimama kama mtu aliyekuja kudai kodi. Nesi, niachie mkono, mapigo yapo, yakikoma nitakuwa wa kwanza kujua. Na wewe dereva, kitinda mimba wangu, futa kamasi, lori halijapinduka.

Nyumba hii niliijenga na marehemu baba yenu, na nyinyi mkataka kuikata vipande. Kaka mtu akaleta matofali ya ukuta, dada mtu akapima mlango wake, kila mmoja na jiko lake. Sikuwashangaa, maana tulishakuwa wapangaji humu ndani: mmoja usiku kucha yuko kwenye tanuri la mikate na mchana anakoroma, mwingine anaingia zamu ya usiku hospitali, wa tatu yuko barabarani, na mimi kazi yangu kupanga sahani kabatini, zimefunikwa, chakula kinapoa kikimngoja mwenyewe. Nikajua nikifumba macho tu, ukuta utapanda.

Kisha nikaanguka, na kutoaminiana kwenu kukatufaa. Kila mmoja alimwona mwenzake mzembe, hataninywesha uji. Basi jioni ile mkaingia humu watatu, na mabakuli matatu ya uji, mkatazamana kama wezi waliokutana kwenye dirisha moja.

“Nani kakutuma?”

“Na wewe kakutuma nani?”

Tumbo langu ni moja! Nikanywa wa nesi, angalau ulikuwa na sukari, na nyinyi mkaketi kitandani mkaumaliza uliobaki, mkimcheka mwokaji kwamba mtu anakanda unga tangu ujana na uji wake una madonge. Tangu hapo, mwokaji akishaamka na nesi hajaondoka, mnakula hapa miguuni pangu, na dereva anajua akizubaa njiani nyama haikuti.

Lakini roho yangu haikutulia. Nilisema, hawa wanamjia mgonjwa. Mgonjwa akiondoka, kila mtu na sahani yake kabatini. Mpaka juzi. Juzi mlinisahau. Mlidhani nimelala, mkala, mkabishana, mkacheka hadi nesi akapaliwa, mkabeba vyombo mkaenda zenu, na bakuli langu hakuna aliyelikumbuka. Nililala na njaa, wanangu, na sijalala vizuri hivyo tangu niugue. Kumbe hamnihitaji! Nilishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

Basi shikeni neno langu. Nyumba ni yenu watatu, haikatwi, na jiko libaki moja. Matofali yale yalipanue. Kitanda hiki kitoeni, meza iingie humu. Nesi, wakitaka kukubadilishia zamu, kataa, mdomo unao, umeurithi kwangu. Anayechelewa asifunikiwe sahani. Mmoja wenu akae naye mpaka amalize, hata kama anasinzia. Na msiniwekee kiti kitupu, kiti ni cha kukaliwa.

Radhi zangu mnazo, nyote, bila kupimiana. Mungu awape vinywa visivyokosa cha kutafuna wala... ngojeni... wala cha kuambiana. Ah. Msinilaze, niacheni hivi hivi.

Mbona mnalia na mboga inaungua? Nendeni... mkaiepue. Ileteni humu, mle. Mimi... nawasikia.