Mzee Nikolao na Ufa wa Ukingoni Newala

Marehemu Nikolao Sijaona alizaliwa Chiwata tarehe 14 Agosti 1906, mtoto wa kwanza wa Mzee Sijaona na Mama Cecilia. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Mwaka 1921 baba alifariki, naye Nikolao akaacha shule ili sisi wadogo zake tule.

Mwaka 1932 alimwoa Dominika wa Newala, akahamia ukweni. Alinichukua na mimi, Cyril, ninayewasomea haya, akanilea kwa jembe lake.

Kuanzia 1951 hadi 1953 alimwongoza Mzungu mpima miamba, kutoka majabali ya Masasi hadi ukingo wa uwanda wetu. Alirudi na jiwe lenye mikwaruzo iliyonyooka.

“Hili liliburutwa na barafu,” alituambia. “Zamani sana, barafu nene kama mlima ilitambaa juu ya nchi.”

Nilimjibu mbele ya watu, “Basi kaka, tuletee kipande tupozee togwa.”

Watu walicheka hadi wakakaa chini. Tangu siku hiyo aliitwa Baba Barafu, naye aliitika kwa upole.

Januari mwaka huu, 1958, aliona ufa juu ya njia ya kuteremkia kisimani. Akawa anaupima kila asubuhi kwa fimbo. Alikuja kwangu kwa kuwa mimi ni jumbe, na neno langu lingetosha kuifunga njia.

“Cyril, umepanuka vidole viwili. Kina mama wapite njia ya mbali.”

Nilimwuliza, “Kwani barafu imerudi?”

Jumatatu tarehe 3 Machi, baada ya mvua ya siku tatu, alisimama mwenyewe njiani akawazuia wanawake. Walimtukana, na mke wangu Anjelina alikuwa wa kwanza.

“Shemeji,” kaka alimwambia, “nitukane, lakini ukiwa huku juu.”

Hapo ukingo ukakatika. Wanawake wote walisalimika. Yeye aliporomoka na udongo, akavunjika nyonga.

Alilazwa hospitali, kisha homa ya mapafu ikamwingia. Nilikwenda kumwomba radhi. Kabla sijafungua kinywa aliuliza, “Anjelina hajambo?” Nikasema hajambo, nikaondoka. Alifariki tarehe 29 Machi, alfajiri.

Ameacha mjane, Dominika. Watoto wawili, Julia na Ambrosi. Na wajukuu watano. Ameacha wanawake kumi na mmoja walio hai, na mdogo wake ambaye hakumwomba radhi.

Mola ampe pumziko jema.