Spika na Kasoro ya Nne

Fundi cherehani alipakata ndani ya basi spika kuukuu aliyokuwa akiipeleka sokoni kuiuza. Mkewe alikuwa amemwambia asithubutu kurudi nayo tena nyumbani. Mama aliyeketi kando yake akaulizia hali ya hiyo spika.

"Inakoroma friji ikiwaka, dada," alisema fundi. "Kitambaa cha mbele nimekishona mwenyewe. Panya alitafuna kona ya nyuma, kisha akahama."

"Hata panya kahama?"

"Mimi nasema ukweli wote."

"Hapo ndipo ninapoingiwa na shaka, kaka. Muuzaji akitaja kasoro tatu, ya nne ameifunika, na hiyo ndiyo ugonjwa wenyewe."

"Ya nne haipo."

"Umeona? Hata kuitaja unaogopa."

Basi likasimama sokoni, mama akashuka. Fundi akamfuata, akiigeuzageuza spika kutafuta kasoro ya nne.