Mbegu ya Bisi ya Mama Mackrine

Ndugu waombolezaji, mama yetu Mackrine Apolinary alizaliwa tarehe 14 Mei 1963 huko Kiruruma, wilayani Karagwe, akasoma hukohuko hadi darasa la saba, na tarehe 7 Desemba 1985 akafunga ndoa na marehemu baba yetu Apolinary, wakahamia Nkwenda, wakajaliwa watoto watatu, Jovin, Agnetha na Edgar.

Baba alipofariki mwaka 2001, kahawa peke yake haikututosha, ndipo mama akakumbuka mahindi ya bisi aliyopewa na mama yake siku ya kuolewa, ambayo kila mwaka aliyapanda kidogo tu mbegu isipotee, yale madogo yenye ncha na rangi ya damu ya mzee, akayapanda kwa wingi nyuma ya migomba, mbali na mahindi ya kawaida yasije yakachanganyika, akawa anakaanga bisi gulioni Nkwenda, na kwa sufuria ile sote tukasoma.

Biashara ilipokua alimwita wifi yake Joanitha, aliyekuwa ameachika, akamfundisha moto na chumvi, wakauza bega kwa bega, wakala sahani moja.

Novemba 2022 mama aligundulika kuwa na saratani, akalazwa, akamwachia wifi funguo za nyumba na kibuyu cha mbegu, na aliporudi Januari 2023 kibuyu kilikuwa kitupu, akaambiwa panya wamemaliza mbegu, naye akaamini, tena akampa pole wifi yake kwa usumbufu wa panya.

Julai mwaka huo alijikongoja hadi gulioni, akamkuta Joanitha amekaa mahali pake, anakaanga bisi zenye maganda ya rangi ile ile. Mama hakupiga kelele, aliomba konzi moja tu ya mbegu akaanze upya, wifi akamjibu mbele ya wateja, "Wifi, mbegu haina jina."

Mama alirudi nyumbani kwa miguu, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena gulioni. Alituambia saratani anaielewa, maana haikuwahi kula naye.

Hali yake ilibadilika mwezi Februari mwaka huu wa 2025, na tarehe 9 Machi, alfajiri, alifariki akiwa mikononi mwa Agnetha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotubebea maji na ndizi, wanausharika, na akina mama wa gulio la Nkwenda waliofunga meza zao leo.

Tunakushukuru na wewe, shangazi Joanitha, kwa kufika. Mama alituagiza usifukuzwe msibani, ukae na upewe chakula kama wengine, na zaidi ya hapo hakutuagiza kitu.

Mama, pumzika sasa, amani uliyonyang'anywa duniani Bwana akurudishie.