Vigololi vya Mjomba Isidori Vilionyesha Kweli

Marehemu Isidori Chilumba alizaliwa tarehe 14 Mei 1959, kijiji cha jirani na Masasi, mtoto wa tatu wa mzee Robert Chilumba.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1974, na mwaka 1979 akaja Dar kusomea ufundi wa maabara. Mama yangu Stella, mdogo wake, anasema likizo ya kwanza alirudi na lenzi mfukoni, akawa anawaonyesha watu miguu ya chawa. Wakamzomea: "Serikali imekupeleka mjini ukasomee chawa?" Alicheka kuliko wote.

Kuanzia 1982 mpaka alipostaafu 2019 alifanya kazi maabara ya hospitali moja Upanga. Baada ya hapo alipanga chumba mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, akawa anatengeneza hadubini. Ila kilichomkosesha usingizi ni vigololi vya kioo, vile vinavyomwagwa kwenye rangi ya barabara ili ing'ae. Alivichekecha kwa kitambaa mpaka akabaki na vile vidogo, upana wa unywele. Kimoja alikilaza juu ya kitu, akaangalia kupitia humo kwa hadubini ya kawaida. Alieleza hivi: mwanga ukigonga kitu, habari za sehemu zake ndogo kabisa zinabaki pale pale juu yake, zinazimika kabla hazijafika kwenye lenzi. Kigololi kikigusa kinazidaka na kuzipandisha. Hivyo ndivyo alivyoona mistari ya diski ya filamu, ile ya Blu-ray, aliyoibandua utando, mistari ambayo hadubini yake peke yake haikuweza kuitenganisha. Chuo kimoja kilikubali kuja kuipima kazi hiyo.

Hapa naomba mnivumilie. Juni 2023 mimi Vicky, mpwa wake, ninayeandika mtandaoni na elimu yangu ya kwenye simu, nilienda kumkagua. Nilimkuta katoka. Nikaweka diski, nikaifunika na kile kioo chembamba cha kufunikia sampuli kama nilivyoona kwenye video, kigololi nikakiweka juu ya kioo. Sikuona mstari hata mmoja.

Aliporudi akasema, "Mama, hapo hakijagusa. Kwa unene wa hicho kioo tu umeshakosa kila kitu."

"Mjomba, usinipange na visingizio."

"Toa kioo basi, kaa, uangalie tena."

Sikukaa. Jioni ile ile nikaandika makala nikamwita mganga wa vigololi. Ilisambaa mpaka kwa wabeba mizigo. Wiki iliyofuata chuo kikapiga simu: hawaji tena.

Marehemu alifunga ndoa na Candida tarehe 8 Agosti 1987, Msimbazi. Walijaliwa watoto wawili, Theopista na Hillary.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Wageni wakimuuliza kuhusu makala alisema, "Mwacheni, yule ana haraka, atarudi." Nilirudi siku mbili kabla hajafariki. Alikuwa hatambui mtu. Alifariki tarehe 3 mwezi huu, saa nne asubuhi.

Juzi mkaza mjomba Candida alinipeleka kile chumba, akavuta kiti. "Kaa. Leo utaangalia." Nikaweka kigololi juu ya diski, bila kioo katikati. Mistari ikatokea, imejipanga, kila mmoja peke yake. Nikaanza kumwomba msamaha.

"Mimi ukweli nilikuwa naujua siku zote," akasema. "Kawaambie waliokusoma."

Leo asubuhi, juu ya ile makala, nimeandika kwamba niliyoyasema ni uongo na kosa lilikuwa la mikono yangu. Chuo nao nimewaandikia. Hawajajibu.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu wanne, dada mmoja, na mpwa aliyemchafulia jina mbele ya Kariakoo nzima.

Mjomba, nimekaa, nimeangalia, nimeiona. Mungu akupe pumziko.